Skrini nyeupe pale Kibirizi

"Mwanangu, WhatsApp inafunguka, hii ya kwenu inaleta weupe tu. Simu yangu ina ubaya gani?"

Mama muuza dagaa wa Kibirizi, Kigoma, alinikabidhi simu. Zilikuwa siku za mbalamwezi, mitumbwi imepumzika, kwa hiyo nilipata muda wa kuichunguza. Simu haikuwa na ubaya. Ila Play Store yake ilikuwa imezimwa isisasishe kitu, maana bando la siku halinunuliwi ili liishie kwenye masasisho.

Programu yenyewe, ya kuandikia mabeseni ya dagaa na wadaiwa, tuliitengeneza sisi wa kitengo cha TEHAMA, kwa njia wanayoanza nayo vijana wengi: unaandika mara moja kwa HTML na JavaScript, lugha za kurasa za wavuti, kisha zana kama Cordova au Capacitor inafungasha kwa ajili ya Android na iPhone. Ukiipasua ndani ni kivinjari kisicho na mahali pa kuandika anwani. Kwenye Android kinaitwa WebView, na tangu Android 5 ya mwaka 2014 kinasasishwa kupitia Play Store. Asiyesasisha anabaki na kile kilichokuja na simu.

Kilichotukwamisha ni alama mbili: kiulizo na nukta, ?. basi. Ni njia ya mkato ya JavaScript ambayo Chrome ilianza kuielewa kwenye toleo la 80, mwaka 2020. WebView hufuata matoleo ya Chrome, na ya mama ilikuwa nyuma ya hapo. Na kivinjari kikikuta sarufi kisichoijua hakiiruki, kinakataa faili zima. Hata ule ujumbe wetu wa "tafadhali sasisha simu yako" ulikuwa humo humo, haukusomwa. Dawa ni kuiagiza zana ya kufungasha ishushe msimbo hadi uandishi unaoeleweka na toleo la chini la kivinjari unalolilenga. Mstari mmoja kwenye mipangilio, nasi tuliusahau.

Weupe ulipoondoka, ikagoma kamera. Hapo ndipo zinapoingia plagini. Plagini ni daraja: ng'ambo hii JavaScript, ng'ambo ile lugha za simu yenyewe, Kotlin au Java kwa Android, Swift kwa iPhone. Watengenezaji huhangaikia picha itapigwaje. Mimi naona kazi kubwa iko kwenye majibu. Plagini yetu ilijibu "imeshindikana" kwa mambo matatu tofauti: mtu amekataa ruhusa (tangu Android 6 ya mwaka 2015 ruhusa ya kamera huombwa wakati programu inatumika), mtu ameghairi tu, au kamera haipo. Aliyekataa aelekezwe kwenye mipangilio. Aliyeghairi aachwe aendelee na hesabu zake, asisumbuliwe. Asiye na kamera asionyeshwe kitufe chake kabisa.

Tena picha ilikuwa inavuka daraja ikiwa maandishi ya base64, namna ya kuandika faili kwa herufi za kawaida, ambayo huongeza ukubwa kwa theluthi: MB 3 zinakuwa MB 4, zote kwa mkupuo, kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo. Siku hizi plagini inarudisha mahali faili lilipo, basi.

Jambo jingine, ukitaka kujua kivinjari kinaweza nini, usikiulize jina lake. Kiulize kama kina kitu unachokihitaji. Majina yanadanganya: Chrome ikijitambulisha kwa tovuti hutaja Mozilla na Safari humo humo, ukoo mzima wa majirani.

Kwa viongozi wa vikundi na ushirika wanaoagiza programu, kuanzia Katonga hadi Kasulu: siku ya kukabidhiwa, msitazame kwenye simu ya mtengenezaji. Chukueni simu ya mwanachama ambayo haijasasishwa tangu inunuliwe, katalieni ruhusa ya kamera makusudi, zimeni data, kisha muone inasema nini. Sisi tunayo moja ya namna hiyo ofisini, kioo kina ufa, na mezani kuna karatasi iliyobandikwa: USISASISHE.