Maji yaja leo, yaondoka leo

Watu wa Tanga tuna msemo wetu maarufu: waja leo, waondoka leo. Mto ukiwa na tabia hiyo, ujue unaumwa. Mto mzima hauimalizi mvua ya asubuhi ifikapo jioni. Sehemu kubwa hunywewa na ardhi, kisha hutoka ukingoni kidogo kidogo mpaka kiangazi. Mimi ni mtaalamu wa haidrolojia, sayansi ya maji na mienendo yake, na masika yakianza, jambo la kwanza ninaloliangalia Mto Sigi ni kasi ya maji kupanda na kushuka. Yakipanda ghafla yakiwa mekundu, kisha yakashuka ghafla, najua huko juu kingo ziko wazi.

Sigi unaanzia Usambara Mashariki, kwenye misitu ya Amani, unapokea Kihuhwi na vijito vingine, halafu unakutana na bwawa la Mabayani lililojengwa mwaka 1978. Hapo ndipo yanapotoka maji ya bomba ya Jiji la Tanga. Kwa hiyo anayelima mpaka ukingoni kule Muheza, au anayechimba dhahabu ndani ya mkondo, anafanya hivyo ndani ya tangi letu.

Tope lina gharama mbili. Ya kwanza iko kwenye mtambo wa kusafisha maji. Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno na zinasukumana zenyewe kwa zenyewe, hivyo hazizami. Ndiyo maana tunatia shabu, izigandishe ziwe mabonge yanayotua chini. Tope likizidi, shabu nayo huzidi, vichujio huziba upesi, na kichujio huoshwa kwa maji yaliyokwisha kusafishwa. Maana yake tunasafisha maji kisha tunayamwaga. Gharama ya pili inakuja polepole nayo ndiyo inayonitia hofu zaidi: mchanga unatua bwawani, na nafasi uliyoichukua hairudi bila kuchimbuliwa kwa fedha nyingi.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba kingo za mto ni sehemu ya mtambo wa maji, sawasawa na pampu na bomba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imetenga mita 60 kutoka ukingoni, pasifanywe shughuli za kudumu. Lakini mkulima mwenye ekari moja, nusu yake ikiwa ndani ya mita hizo, hawezi kula kifungu cha sheria. Anahitaji zao linalokubali kivuli na lisilotaka jembe kila msimu: karafuu, mdalasini, kokoa, pilipili manga. Wakulima wa UWAMAKIZI, umoja wa wahifadhi wa Kihuhwi na Zigi (ndiyo Sigi yetu), wameshaanza kuonyesha njia, na nawaheshimu sana kwa hilo.

Watu hunionyesha picha za Cheonggyecheon, mto wa Seoul uliofunguliwa upya mwaka 2005 baada ya barabara ya juu kubomolewa. Ni mahali pazuri, na mji umepata hewa. Ila sehemu kubwa ya maji yake husukumwa kwa pampu kutoka Mto Han. Sisi hatuna sababu ya kufika huko, kwa sababu mito yetu bado inatiririka yenyewe. Mkulumuzi, unaopita jirani na mapango ya Amboni na kuingia ghuba ya Tanga, hauhitaji kuta za zege. Zege hupitisha maji kwa kasi, na mafuriko huhamia kwa jirani wa chini. Unahitaji miti na matete kingoni, mitaro isiyobeba taka, na mikoko mdomoni ibaki imesimama.

Mwaka 2024 Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, iliuza hatifungani ya kijani, yaani dhamana ya mkopo kwa miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa ajili ya miundombinu ya maji. Nilifurahi kweli. Ombi langu kwa wanaopanga bajeti za maji ni moja: mstari wa miche na malipo ya mkulima wa ukingoni uandikwe kwenye ukurasa uleule wa shabu na mabomba, kila mwaka, mpaka miti hiyo itakapoweza kushika udongo.