Propela na kimo cha mashine ya boti: yanayosemwa pwani na yalivyo kweli

Mwenye boti Nungwi, Kizimkazi au Wete akilalamika kwamba mashine yake haina nguvu, ushauri wa kwanza anaopewa ni kununua propela kubwa zaidi, na wa pili ni kuishusha mashine chini zaidi. Akifuata yote mawili, mara nyingi mambo huharibika: mashine inalemewa, petroli inakwisha kabla ya safari, plagi zinajaa masizi, na mtu anaanza kutafuta mashine nyingine wakati aliyonayo ni nzima.

"Propela kubwa ndiyo mwendo"

Propela ina vipimo viwili, na huchapwa kwenye kitovu chake au kwenye panga kwa inchi. Namba ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mapanga. Ya pili ni pichi, yaani umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza hata kidogo majini. Propela ya 11 × 13 ina kipenyo cha inchi 11 na pichi ya inchi 13. Kwa mashine moja, propela zinazoingia hazipishani sana kwa kipenyo. Unachochagua hasa ni pichi.

Pichi kubwa huleta mwendo pale tu mashine inapoweza kuizungusha. Kiwanda kimeipangia kila mashine idadi ya mizunguko kwa dakika inayotakiwa ifike gesi ikifunguliwa mpaka mwisho. Mashine nyingi za kazi, zile za kuchanganya oili na petroli, hutakiwa zifike 4500 hadi 5500. Nyingi za kisasa zenye oili yake mbali ni 5000 hadi 6000. Namba ya mashine yako imo katika kitabu chake, na hiyo ndiyo ya kufuata.

Propela ya pichi kubwa mno inaiacha mashine kwenye 3900 au 4200 na gesi imefunguliwa yote. Hapo petroli haiungui vizuri, joto linapanda ndani ya silinda, na pete za pistoni zinagandwa na kaboni. Mwenye boti anasikia mngurumo mzito anaridhika, anaona mashine "inavuta". Mngurumo ule ni wa mashine iliyolemewa. Kosa la upande wa pili nalo lipo: pichi ndogo mno, boti tupu, mashine inavuka kiwango chake cha juu na kula beringi na pistoni.

Kujua uko upande gani, pima. Mita ndogo ya mizunguko, ile ambayo waya wake huzungushwa juu ya waya wa plagi, inatosha. Ipangwe kwa aina ya mashine yako, maana ikipangwa vibaya husoma nusu ya kweli au mara mbili yake. Kisha tia mzigo wa siku ya kazi. Huna haja ya kuwaweka watu boti asubuhi nzima: jaza maji madumu ya lita 20. Kila dumu ni kilo 20, kwa hiyo madumu 30 ni kilo 600, sawa na abiria wanane wa kilo 75. Yapange wanapokaa abiria, usiyarundike yote tezi, yaani nyuma ya boti. Toka asubuhi mapema kabla ya upepo kukaza, fungua gesi yote kwenye maji ya kina na yaliyo wazi, subiri mizunguko itulie, soma. Hapo hapo soma mwendo kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa, kwenye GPS ya simu. Geuka, rudi njia ile ile, soma tena, uchukue wastani wa mwendo, kwa sababu mkondo wa maji kupwa au kujaa unakuongezea upande mmoja na kukupunguzia mwingine.

Kila inchi moja ya pichi ni kama mizunguko 150 hadi 200. Tuseme mashine ya 4500 hadi 5500 imefika 4300 ikiwa na mzigo, kwa propela ya pichi 13. Ukiteremka hadi 11, tegemea 4600 hadi 4700. Imeingia ndani ya kiwango, lakini bado iko mlangoni. Boti inayobeba watu kila siku kwenda Changuu au Misali ingefaa zaidi pichi 10. Ukishaifunga, toa madumu yote upime boti tupu: isivuke 5500. Kama chombo kimoja kinafanya kazi mbili, leo mzigo mzito na kesho watu wawili na mishipi yao, weka propela mbili. Kuzibadilisha ufukweni maji yakiwa yamepwa hakuchukui muda.

Namba hizo hizo zinakwambia propela inateleza kiasi gani. Zidisha mizunguko kwa pichi, gawa kwa uwiano wa gia (mizunguko ya mashine kwa mzunguko mmoja wa propela, imo kitabuni), kisha gawa kwa 1215. Mizunguko 5000, pichi 13, gia 2.00: unapata noti 26.7. Hizo ni noti za propela isiyoteleza. Simu ikionyesha 21, mtelezo ni asilimia 21. Boti nyepesi ya faiba iliyonyanyuka juu ya maji huteleza asilimia 10 hadi 20, na iliyojaa abiria ikafika 30 si ajabu. Ikizidi sana hapo, usinunue propela kwanza. Tazama kimo cha mashine.

"Mashine ikizama zaidi, propela inashika maji zaidi"

Hii ndiyo dhana inayokula petroli kimya kimya. Propela ikishazama ya kutosha, kuizamisha zaidi hakuiongezei kitu. Kinachoongezeka ni mguu wa mashine unaoburutwa majini, usukani kuwa mzito, na maji kurushwa ndani ya boti. Tena kwenye mafungu na miamba yetu, ambako maji ya bamvua hupanda na kushuka karibu mita nne, kila inchi ya mguu iliyo chini bila sababu ni inchi inayotafuta mwamba.

Juu ya propela kuna bamba bapa. Kazi yake ni kuzuia hewa ya juu isinyonywe na propela, na ndilo kipimo chako. Boti ikiwa juu ya magogo, simamisha mashine hadi bamba liwe sambamba na chini ya boti. Chukua ubao ulionyooka, uweke chini ya boti kando kidogo ya katikati, uchomoze nyuma mpaka ufike kwenye mashine. Kwa boti ya faiba inayonyanyuka, bamba liwe usawa wa ubao huo, au chini yake kwa kiasi kisichozidi inchi moja, yaani milimita 25. Hapo ni pa kuanzia tu. Jibu lenyewe liko majini.

Boti ikishanyanyuka, mtu mwingine asiye nahodha achungulie nyuma. Bamba likionekana linateleza juu ya maji, na maji yanapita safi chini yake, kimo ni kizuri. Likiwa limezama kabisa na maji yanaupiga mguu na kuruka juu, pandisha. Mashine ikipiga kelele ghafla unapokata kona, au boti inaporuka wimbi la kusi, na mwendo ukaanguka, teremsha. Mashine za kufungwa kwa bolti huwa na safu ya matundu. Tundu hadi tundu ni karibu milimita 19, na tundu moja kwa jaribio moja linatosha. Mashine ya skrubu za kubana inyanyue kwa kipande cha mbao ngumu cha milimita 10 hadi 15 kilichokaa juu ya ubao wa tezi upana wote, na uhakikishe skrubu bado zinabana mbao nzima, hazikukaa ukingoni. Usisahau mnyororo wa usalama. Kimo kikibadilika, pima mizunguko upya, kwani mashine iliyopandishwa hupata wepesi, na propela iliyokuwa nzito jana huenda leo ikafaa.

Kikomo cha kupandisha ni maji ya kupoza. Vitundu vya kuvutia maji viko mguuni, chini ya bamba. Kila ukipandisha, angalia mchirizi wa maji ya kupoza unaotoka nyuma ya mashine katika mwendo wote, na hasa katika kona. Ukikatika au kudhoofika, umepita kiasi, hata kama boti inakwenda kuliko siku zote. Ghuba ya Chwaka, ambako majani ya bahari ni mengi, mchirizi dhaifu unaweza pia kuwa ni vitundu vilivyozibwa, basi visafishe kwanza kabla ya kuhukumu kimo.

"Mguu mrefu unafaa boti yoyote"

Mguu mfupi hutengenezwa kwa ubao wa tezi wa inchi 15, sawa na milimita 381. Mrefu kwa inchi 20, milimita 508. Pima mwenyewe, kutoka juu ya ubao katikati hadi chini ya boti. Mguu mrefu kwenye ubao wa inchi 15 unaliweka bamba inchi tano chini ya mahali pake, na hapo kipande cha mbao hakitoshi tena: inabidi fundi aongeze kimo cha ubao wenyewe na kuuimarisha kwa ndani. Mashine ya mitumba ya mguu usiofaa, ikiwa rahisi namna gani, ina gharama hiyo ndani yake.

Mashua na ngalawa zina hesabu yake. Mashua yenye mkuku, ule uti wa chini ya chombo, unaofika mpaka tezi huipelekea propela maji yaliyovurugwa na yenye hewa, kwa sababu mkuku unayapasua mbele yake. Fundi aupunguze unene wa nusu mita ya mwisho ya mkuku pole pole hadi uwe mwembamba, bila kugusa misumari wala bolti zinazoubeba. Ikishindikana, mashine ishushwe inchi moja au mbili chini ya kile kimo cha boti ya faiba. Ngalawa na vyombo vizito haviparazi juu ya maji, vinayakata. Kwa hivyo chini ya chombo hakukuambii kitu. Pima kutoka usawa wa maji, chombo kikiwa na mzigo wake, bamba liwe limezama sentimita 5 hadi 10 na propela isitoke nje omo, yaani mbele ya chombo, inapoinama. Pichi ya vyombo hivi ni ndogo, na kipenyo kikubwa kadiri mashine inavyoruhusu. Kuiga propela ya boti ya watalii hapa ni kuizamisha mashine ndani ya mzigo isioubeba.

"Ikishika hewa, propela imekwisha"

Kabla ya kuilaumu, tazama pini ya pembe ya mashine, ile inayopanga mguu uelekee ndani au nje ya tezi. Ikiwa tundu la nje mno, mguu unarushwa nyuma, omo inapanda, propela inanyonya hewa. Tundu moja ndani huweza kumaliza shauri bila senti. Kisha tazama raba iliyo ndani ya kitovu cha propela, inayolinda gia propela inapogonga. Raba ikichoka, mashine huzunguka na propela hubaki nyuma, nahodha anadhani ni hewa. Chora mstari mmoja wa rangi unaokatiza kutoka kitovu cha ndani hadi cha nje, enda mbio na mzigo, rudi uangalie. Mstari ukivunjika vipande viwili visivyokutana, raba inateleza.

Panga lenye vishimo vidogo vilivyochimbika nyuma ya mahali lilipopinda au kung'oka limeliwa na viputo. Maji yanayopita penye kasoro hushuka shinikizo hadi yanatoa mvuke, na viputo vinapopasuka hula chuma. Kulisawazisha panga mapema ni rahisi kuliko kungoja. Lakini kulinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe hakufai: alumini hupata ufa, na pichi za mapanga matatu hazilingani tena, boti inatetemeka na sili za shafti, zile raba za kuzuia maji, zinaumia. Kukata ncha ili "kuipa wepesi" kunapunguza kipenyo, na mshiko unapotea. Anayetaka wepesi apunguze pichi.

Mapanga manne yanashika vizuri zaidi na kuinyanyua boti iliyojaa mapema, ila mwendo wa juu hupungua kidogo. Ukihama kutoka matatu, teremsha pichi inchi moja. Kuhusu chuma cha pua, hakipindi upesi na mapanga yake ni membamba, lakini kwa boti inayopita juu ya miamba kila siku alumini ni salama zaidi. Ikigonga, inapinda yenyewe, na kishindo kinachofika kwenye shafti na gia ni kidogo.

Kila unapoitoa propela, angalia nyuma yake. Mshipi wa kuvulia hujizungusha hapo na kukata sili ya shafti, maji yakaingia kwenye gia, na oili ikatoka na rangi ya maziwa. Ukiiona rangi hiyo, usiende baharini. Badilisha sili kwanza. Paka grisi ya baharini meno ya shafti, rudisha washa (kile kibati cha duara kinachokaa chini ya nati) kama ilivyokuwa, na tia kota pini mpya, ile inayoizuia nati isifunguke. Ndani ya boti kaa na propela ya akiba, nati, kota pini mbili na spana yake.