Damu yako haitoshi kusema una TB

Wengi huamini kwamba damu ikichukuliwa TB itaonekana, kama malaria. Sivyo. Vimelea vya malaria huishi kwenye damu; bakteria wa TB mara nyingi hujichimbia mapafuni, ndiyo maana unapewa kikopo cha makohozi, yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria huyo. Vile vipimo vya haraka vya damu vinavyotafuta kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya vimelea? Shirika la Afya Duniani lilivikataa mwaka 2011: wazima waliambiwa wanaumwa, wagonjwa wakaambiwa wako salama. IGRA ni kipimo cha damu cha kuaminika zaidi, lakini kinaonyesha tu kwamba mwili umekutana na bakteria. Takriban robo ya watu duniani wamekutana naye, na wengi wao hawataugua kamwe.

Kinachotafutwa sasa ni alama za mwili wenyewe: jeni kama GBP5, DUSP3 na KLF2, ambazo utendaji wake kwenye damu hubadilika mtu anapougua. Tone la kidoleni lingetosha, nafuu kubwa kwa watoto wasioweza kutoa makohozi. Shida ni kwamba maambukizi ya virusi nayo huamsha baadhi ya jeni hizo, kwa hiyo kipimo hicho kingechuja tu nani apelekwe kwenye uchunguzi kamili.