Sigara ya Katikati ya Zamu: Maswali ya Wahudumu wa Afya

Wauguzi, madaktari na watu wa maabara wanayajua madhara ya tumbaku kuliko wengi, na bado wamo wanaovuta. Haya ni maswali wanayoulizana wenyewe kwa wenyewe, mara nyingi kwa sauti ya chini.

Mimi nikivuta natulia. Mbona mnasema sigara haipunguzi msongo wa kazi?

Utulivu unaousikia ni wa kweli, ila tuangalie unatoka wapi. Nikotini, kile kilevi cha tumbaku kinacholeta uraibu, hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 20 hivi na kuleta nafuu ya haraka. Lakini haikai: kila baada ya saa 2 hivi kiwango chake mwilini hupungua kwa nusu. Ikishuka, mwili uliozoea huanza kudai. Moyo unakosa raha, hasira zinakuwa karibu, akili haitulii. Hiyo ni arosto.

Sasa umetoka kumhudumia mgonjwa mahututi, ndugu zake wanakusubiri mlangoni, majibu ya maabara hayajaja. Utajuaje kipi ni msongo wa kazi na kipi ni arosto? Vyote vinasikika vilevile. Sigara inaondoa arosto, nawe unadhani imeondoa msongo. Ukirudi wodini wagonjwa ni walewale, na baada ya muda mfupi mwili unadai tena.

Kuna na jambo jingine ambalo naona halisemwi vya kutosha. Ukienda kuvuta, unatoka wodini. Unasimama penye hewa, hakuna anayekuita, unavuta pumzi ndefu na kuitoa polepole, pengine na mwenzako wa kuzungumza naye. Hayo yote hutuliza hata pasipo moshi. Sehemu nyingi anayevuta hutoka dakika 5 bila kuulizwa, ila asiyevuta akiomba kupumzika tu anaonekana mvivu. Hilo linaniuma, maana linawafundisha vijana wanaoanza kazi kwamba ruhusa ya kupumzika hupatikana kwa sigara.

Kama tunajua madhara, kwa nini hatuachi?

Kwa sababu uraibu hauondolewi na elimu peke yake. Weka juu yake zamu za usiku, upungufu wa wafanyakazi, na vifo ambavyo hakuna anayekupa nafasi ya kuvililia. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchakavu utokanao na kazi kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu usiodhibitiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kuona hufanyi lolote la maana. Aliyefika hapo anahitaji msaada, si karipio.

Ninavuta miaka mingi. Kuacha sasa kutanisaidia nini?

Jibu limetoka kwa madaktari wenyewe. Mwaka 1951, watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza kufuatilia madaktari wanaume zaidi ya 34,000 wa Uingereza. Matokeo ya miaka 50, yaliyotolewa mwaka 2004, yalionyesha kwamba walioendelea kuvuta walifariki takriban miaka 10 mapema kuliko wasiovuta kamwe. Walioacha wakiwa na miaka 40 waliokoa miaka 9 hivi, kwa 50 ni miaka 6, na kwa 60 ni miaka 3.

Nikiacha, si nitawafokea wagonjwa?

Wiki ya kwanza ndiyo ngumu zaidi. Kwa wengi arosto hupungua ndani ya wiki 2 hadi 4. Baadaye, walioacha huwa na wasiwasi na msongo mdogo kuliko walioendelea kuvuta. Anza siku za mapumziko, si mwanzo wa zamu za usiku. Kibandiko cha nikotini cha kubandika kwenye ngozi, pamoja na chingamu ya nikotini, hufanya kazi vizuri kuliko kimoja peke yake. Zipo pia dawa kama vareniklini na bupropioni, lakini nenda kwa daktari kama mgonjwa mwingine yeyote, usijiandikie mwenyewe.

Halafu kahawa. Moshi wa tumbaku hulifanya ini livunje kafeini upesi. Ukiacha kuvuta, vikombe vilevile vitakaa mwilini muda mrefu zaidi, utatetemeka na kukosa usingizi, kisha utasingizia kuacha sigara. Punguza kahawa kama kwa nusu.

Nikiwa navuta, nitamshauri vipi mgonjwa aache?

Mshauri tu. Wahudumu wanaovuta huwa wanakwepa mazungumzo hayo, na anayekosa ni mgonjwa. Huna haja ya kujieleza kwake.

Msimamizi afanye nini?

Apange mapumziko yanayoandikwa kwenye ratiba, ya kila mtu, na awepo wa kushika nafasi ya anayetoka. Baada ya kifo kizito wodini, timu ikae pamoja japo dakika 10. Na akimkuta mtu anavuta nyuma ya jengo, amkumbushe sheria, kisha amuulize mara ya mwisho alikula saa ngapi na alilala saa ngapi.