Bango zuri la filamu ni lipi?

Bango la filamu ni tangazo la picha linaloitangulia filamu yenyewe. Linabandikwa mlangoni mwa sinema, ukutani, kwenye kioo cha duka, na siku hizi linazunguka kwenye simu za watu wiki kadhaa kabla filamu haijatoka. Wengi huliomba lisimulie hadithi yote, na hapo ndipo linapoharibika. Bango zuri humwahidi mpita njia jambo moja, akalielewa angali anatembea, kisha likamwachia swali ambalo jibu lake liko ndani ya ukumbi. Likiweza hayo linatosha, hata kama lina rangi mbili tu.

Wachoraji walilijua hili mapema sana. Mwaka 1896, sinema ikiwa bado kitu kigeni duniani, Marcellin Auzolle alichora bango la maonyesho ya ndugu Lumière huko Ufaransa. Kwenye pazia la sinema anaonekana mtunza bustani akirushiwa maji na mpira wake mwenyewe wa kumwagilia. Mbele ya pazia Auzolle aliwachora watazamaji wamekaa, wanacheka. Anayelitazama bango lile hajui mtunza bustani huyo ni nani. Anajua tu kwamba humo ndani watu wanacheka, na akiingia naye atacheka.

Mfano ninaopenda kuuchambua ni wa Jaws, filamu ya Steven Spielberg ya mwaka 1975, kwa sababu bango lake limeonwa hata na watu wengi ambao filamu hawajaitazama. Picha ile ilichorwa na Roger Kastel kwa rangi za mafuta, na mwanzoni haikuwa ya sinema kabisa: ilikuwa jalada la riwaya ya Peter Benchley katika toleo la bei nafuu. Studio ikaipenda, ikaichukua kwa ajili ya filamu.

Juu kabisa kuna weupe mtupu na jina la filamu kwa herufi nene nyekundu. Chini yake, usawa wa maji. Mwanamke mmoja anaogelea, mdogo, peke yake. Kisha bahari inashuka, buluu ikikolea kadiri macho yanavyokwenda chini, na kutoka huko anapanda papa, wima, kinywa wazi, meno yote nje. Macho hayana njia nyingi. Yanaanza kwenye nyekundu, yanamwona mwanamke, yanateremka mpaka kwenye meno, na kwa kuwa kinywa kimeelekezwa juu, yanarudishwa tena kwa mwanamke. Papa huyo ni mkubwa kupita kawaida; hakuna papa mwenye kichwa cha ukubwa huo akipimwa na mwili wa binadamu. Kachorwa kwa vipimo vya hofu.

Kitu cha kukitazama zaidi, kwa maoni yangu, ni pengo la maji kati ya hao wawili. Mwanamke hajamwona papa, sisi tumemwona. Tukio limesimamishwa punde kabla halijatokea, na mtazamaji ndiye anayelazimika kulimalizia kichwani mwake. Kama papa angekuwa ameshamkamata, swali lingekuwa limejibiwa palepale ukutani na hamu ingekwisha.

Hebu angalia pia vilivyoachwa. Nusu ya pili ya filamu ile inawahusu wanaume watatu ndani ya boti: mkuu wa polisi, mtaalamu wa viumbe wa baharini na mvuvi mkongwe. Hakuna hata mmoja wao aliyechorwa. Boti haipo. Mabishano ya kufunga au kutofunga fukwe, ambayo ndiyo yanayoiendesha nusu ya kwanza ya hadithi, hayapo. Majina ya waigizaji yameandikwa, sura zao hakuna. Kuacha mambo mazuri kiasi hicho kunahitaji ujasiri, na ndiko kunakowashinda watengenezaji wengi, kwa kuwa kila kilichomo kwenye filamu kimewatoa jasho.

Saul Bass, mbunifu wa Marekani, alikwenda mbali zaidi. Kwa The Man with the Golden Arm, filamu ya Otto Preminger ya mwaka 1955 inayomhusu mtu aliyetekwa na heroini, alichagua mkono mmoja mweusi uliopindapinda, kingo zake kama zilizokatwa kwa mkasi. Nyota wa filamu hiyo alikuwa Frank Sinatra, mtu ambaye sura yake peke yake ingeweza kuuza tiketi. Bado mkono ule ndio uliobaki kuwa alama ya filamu. Unasema kuna mwili unaoteseka, bila sindano wala machozi.

Sasa nije kwetu. Makava ya filamu za Bongo za enzi za kaseti na DVD yalijaa sura: stelingi katikati, mchumba kulia, mama mkwe kushoto, nyuma jumba la ghorofa, chini gari la kifahari. Yamebezwa sana, nami sikubaliani na kubezwa kote huko. Mteja wa Kariakoo alikuwa anasimama mbele ya rafu iliyojaa makava yamebanana, na alichokuwa anakitafuta ni mtu anayemjua. Sura ya Steven Kanumba ilikuwa ahadi tosha, iliyoeleweka bila kusoma neno. Kwa mnunuzi yule na duka lile, kava lilifanya kazi yake.

Tatizo linaanza sura zinapokuwa tisa. Hapo hakuna ahadi tena, ila mahudhurio ya waigizaji. Netflix walipoeleza mwaka 2016 jinsi wanavyochagua picha za kutangazia filamu, walisema mtazamaji huipa kila filamu wastani wa sekunde 1.8 kabla ya kuamua, na kwamba picha yenye watu zaidi ya watatu huelekea kupungua nguvu. Sura moja yenye hisia ya kukutatiza, ambayo huwezi kusema mara moja kama ni hasira au huzuni, ilivuta watu kuliko sura iliyotulia. Anayetengeneza bango la kusambaza WhatsApp yuko kwenye mashindano hayohayo, na picha yake ni ndogo kuliko kiganja.

Herufi nazo ni sehemu ya picha. Jina la filamu lisomeke kabla ya jina la mtu yeyote, lisigombane na mandhari, na umbo lake liendane na aina ya filamu. Ukiliandika jina la filamu ya kutisha kwa herufi za kadi ya harusi, umeshawachanganya watu kabla hawajaitazama picha. Yale maandishi marefu yaliyobanwa chini ya mabango ya Hollywood, yenye majina ya mwongozaji, watayarishaji na wengineo, yana sababu yake: mikataba hutaka majina hayo yawe na ukubwa fulani ukilinganishwa na jina la filamu, na kinachopimwa ni kimo cha herufi. Wabunifu wakaona njia, wakazifanya herufi ndefu na nyembamba ili kimo kitimie na nafasi isiliwe. Huku kwetu maandishi hayo huigwa hata pale pasipo na mkataba wa namna hiyo. Hakuna ubaya, lakini yasimeze tarehe na mahali pa onyesho. Hayo ndiyo mtu anayoyahitaji akishavutika.

Kuvuta watu kuna mtihani mwingine, nao ni ukweli. Ghana, katika miaka ya 1980 na 1990, waonyeshaji walizunguka miji na vijiji na televisheni, deki na jenereta, na mabango yao yalichorwa kwa mkono juu ya magunia ya unga yaliyoshonwa pamoja. Ni kazi za kupendeza mno. Leo zinanunuliwa na wakusanyaji wa sanaa Ulaya na Marekani. Wachoraji wengine hawakuwa wameiona filamu, wakaongeza nyoka, moto na damu ambavyo ndani ya filamu havikuwamo. Kwa usiku mmoja kijijini, mkusanyiko unajaa. Kwa filamu inayotegemea watu waliotoka leo wawaambie wenzao kesho, bango la namna hiyo linajenga hasira. Filamu ya majonzi ya kifamilia iliyotangazwa kwa bastola na helikopta itawaleta watu wasiostahili kuja, na waliostahili watabaki nyumbani.

Bango likishakamilika, lijaribiwe. Lipunguze kwenye simu mpaka liwe saizi ya ukucha uone kama jina bado linasomeka. Ligeuze kuwa la nyeusi na nyeupe. Kama kila kitu kimegeuka kijivu kimoja, rangi zilikuwa zinakudanganya. Kisha mwonyeshe mtu asiyeijua filamu, hesabu hadi tatu, lifunike, umuulize anategemea kuona filamu ya namna gani. Akianza kukutajia vitu vilivyomo mmoja mmoja badala ya kusema ni ya mapenzi au ya kutisha, rudi mezani.

Na kuna jambo ambalo kompyuta haiwezi kuliokoa: picha za kufanyia kazi. Filamu zetu nyingi zinapigwa bila mpiga picha za mnato, kwa hiyo mbunifu anaishia kukata vipande kutoka kwenye video. Bango la kawaida la sinema za Marekani ni inchi 27 kwa 40, yaani karibu sentimita 69 kwa 102. Video ya HD ina nukta za picha (pikseli) 1,080 tu kwa kimo. Ukiitandaza kwenye kimo cha inchi 40 unabaki na nukta 27 kwa kila inchi, wakati mchapaji anataka 150 au zaidi, na 300 kwa kitu kitakachotazamwa kwa karibu. Ndiyo maana nyuso zinatoka zimefifia, zimekatwa shingoni na kubandikwa juu ya mandhari ya kuazima, na kila moja ina mwanga unaotoka upande wake. Ratiba ya kupiga filamu itenge saa moja kwa ajili ya bango pekee, waigizaji wakiwa na mavazi na vipodozi vya tukio lenyewe, taa za tukio zikiwa bado zinawaka. Picha zipigwe wima, na juu ya kichwa cha mwigizaji iachwe nafasi tupu ya kutosha jina la filamu.