Asili ya neno "sugar": dhana potofu na ukweli

Wapo wanaoamini kwamba Waswahili walipata neno sukari kwa Waingereza wakati wa ukoloni. Ukweli ni kwamba Kiswahili kililichukua katika Kiarabu, sukkar, na Kiingereza nacho kikalipata huko huko, ila kwa njia ndefu zaidi.

Dhana nyingine, inayorudiwa hata na wasomi, ni kwamba sugar limetoka moja kwa moja katika Kilatini cha kale. Kilatini hicho kilikuwa kweli na neno saccharum, lililopitia Kigiriki. Dioscorides, tabibu wa karne ya 1, aliieleza sakkharon kuwa ni aina ya asali iliyoganda, ipatikanayo katika matete ya India na Arabia. Lakini sugar lilifuata njia yake. Chimbuko ni Kisanskriti, lugha ya kale ya India: śarkarā, yaani changarawe, jina lililoifaa vyema sukari ya chengachenga. Waajemi wakasema shakar, Waarabu sukkar, na baada ya Waarabu kupeleka kilimo cha miwa Sicily na Hispania, Waitaliano wakapata zucchero na Wafaransa sucre. Ni kwa Wafaransa hao Waingereza walikolitoa, na katika maandishi yao linaonekana tangu karne ya 13. Wahispania husema azúcar, na ile a ya mwanzo ni mabaki ya al- ya Kiarabu, kiambishi kinachotangulia nomino kama the ya Kiingereza: kwangu mimi, ushahidi mdogo kama huo una uzito kuliko kufanana kwa sauti peke yake.

Wengine, wakishajua habari ya Kisanskriti, hukiita mama wa Kiingereza. Sivyo. Lugha hizo mbili ni jamaa, zilizotokana na lugha ya kale zaidi isiyoachiwa maandishi. Maneno ya urithi hutambulika kwa mabadiliko ya sauti yenye utaratibu, kama p ya pitar katika Kisanskriti na pater katika Kilatini inayolingana na f ya father (yote matatu ni baba), utaratibu ambao Jacob Grimm, mwanaisimu Mjerumani, aliufafanua mwaka 1822. Sugar halimo katika urithi huo, kwa kuwa liliingia na biashara wakati mabadiliko hayo yalikwisha kukoma zamani.

Wala maana ya kale kabisa si lazima iwe ndiyo maana sahihi ya leo. Candy, kwa mfano, lilianzia katika khaṇḍa ya Kisanskriti, yaani kipande, likapitia qand ya Kiajemi na Kiarabu hadi Kifaransa, na leo Wamarekani huiita hivyo karibu kila peremende.