Je, wajua kwa nini wauguzi wenye mshahara mmoja hawafanyi kazi kwa kiwango kimoja?

Wauguzi wawili wa kituo kimoja cha afya nchini Uganda wanaweza kuwa na cheti kimoja na mshahara uleule, lakini mmoja akawahudumia wagonjwa kwa moyo huku mwenzake akiwaacha benchini hadi mchana. Watu husema ni tabia. Mara nyingi ni motisha.

Mwaka 1959 mwanasaikolojia Mmarekani Frederick Herzberg na wenzake walieleza kuwa mshahara mdogo na mazingira mabaya humkatisha mtu tamaa, lakini yakirekebishwa humwondolea manung'uniko tu, kwa sababu ari hasa hutokana na kuifanikisha kazi na kutambuliwa. Waliohojiwa walikuwa wahandisi na wahasibu, ila maelezo hayo yanaingia wodini bila taabu.

Mfikirie mkunga wa zamu ya usiku katika kituo cha daraja la tatu, yaani kituo kidogo cha afya chenye huduma ya uzazi, aliye peke yake na akina mama watatu wenye uchungu, glovu zimekwisha, na dawa ambazo kwa kawaida huletwa kila baada ya miezi miwili bado hazijafika. Anajua la kufanya ila hana vifaa, na akimtuma ndugu wa mgonjwa akanunue glovu, matusi humwangukia yeye. Hali hiyo ikizoeleka, ujuzi haupotei, bali bidii hulegea: presha hupimwa mara moja badala ya kurudiwa, na chati ya kufuatilia uchungu unavyoendelea hujazwa mama akishajifungua.

Serikali ilipofuta ada katika vituo vya umma mwaka 2001, hatua ambayo kwa maskini ilikuwa ya haki kabisa, wagonjwa waliongezeka huku posho za wahudumu zilizolipwa kutokana na ada hizo zikikatika.

Hata hivyo, fedha si njia pekee. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliohusu vituo 50 vya vijijini katika wilaya 9 za Uganda, uliwakutanisha wanakijiji na wahudumu wao ili wakubaliane namna ya kuboresha huduma. Baada ya mwaka mmoja utoro kazini ulikuwa umepungua, na vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kwa takriban theluthi moja. Utafiti mkubwa zaidi uliofuata haukuona upungufu huo wa vifo, ingawa wagonjwa waliridhika zaidi na matibabu yaliboreka kidogo. Nionavyo, jicho la jamii humrudisha muuguzi kituoni, lakini haliwezi kumjazia kabati la dawa.